Tona, Pasi na Shaba: Kutafuta Chanzo cha Hitilafu katika Bodi za Saketi Zinazotengenezwa Nyumbani

Bodi ya saketi inayotengenezwa nyumbani kwa tona, yaani unga mweusi wa printa ya leza, hupita hatua tano kabla ya kupachikwa rezista ya kwanza: mchoro hupangwa kwenye kompyuta, huchapwa kwa printa ya leza, hubandikwa kwenye shaba kwa pasi, hutolewa karatasi kwa maji, kisha bodi hutumbukizwa kwenye dawa inayokula shaba yote isiyofunikwa. Taabu ni kwamba hitilafu huonekana katika hatua moja ilhali imeanzia katika hatua nyingine kabisa. Fundi anaona njia, yaani mistari ya shaba inayopitisha umeme, zimekatikakatika baada ya dawa, anailaumu dawa, ananunua nyingine, na bodi ya pili inaharibika vilevile, kwa sababu chanzo kilikuwa mafuta ya vidole vyake juu ya shaba saa moja kabla.

Kwa hiyo dalili zilizoelezwa hapa zimefuatiliwa kurudi nyuma hadi mahali zinapozaliwa. Jambo moja liwekwe wazi mapema: wakati wa kukagua ni baada ya kutoa karatasi na kabla ya dawa. Tona iliyoshika vibaya hufutwa kwa asetoni au thina, shaba ikasafishwa, na hasara ikawa karatasi moja tu. Shaba ikishaliwa hairudi. Tafuteni kioo cha kukuzia na taa ya mezani, na msiione hatua hiyo kuwa ni kupoteza muda.

Karatasi inabanduka na mchoro wake, shaba inabaki tupu

Swali la kwanza hapa si pasi, bali ni mashine iliyochapa. Printa ya wino wa maji haifai kwa namna yoyote, kwa kuwa wino wake hauyeyuki kwa joto wala hauzuii dawa. Tona, kinyume chake, ni unga wa plastiki uliochanganywa na rangi nyeusi. Ndani ya printa ya leza unayeyushwa na roli yenye joto la nyuzi 180 hadi 200 hivi, na pasi inauyeyusha mara ya pili ili uhamie kwenye shaba. Ukiwa na shaka kuhusu mashine, lowesha kidole usugue pembe ya karatasi iliyochapwa: wino wa maji kwa kawaida huchafuka na kusambaa, tona hutulia.

Wengi wetu hatuna printa ya leza nyumbani, tunachapisha steshenari, na hapo ndipo hadithi inapoanza kuwa ndefu. Katriji za steshenari hujazwa upya kwa tona yoyote inayopatikana, na tona hazifanani: zipo zinazoyeyuka mapema na zipo zinazohitaji joto kubwa zaidi kuliko pasi nyingi zinavyoweza kutoa kwa utulivu. Mashine ileile iliyokupa bodi nzuri mwezi uliopita inaweza kukukatisha tamaa leo bila wewe kubadilisha chochote. Suluhisho lake ni kuchapisha mistari michache pembeni, kuibandika kwenye kipande kidogo cha shaba kisicho na kazi, na kuona kabla ya kupoteza bodi nzima. Vipande hivyo visitupwe kamwe. Thamani yake iko hapo.

Sababu ya pili ni karatasi. Karatasi ya kawaida ya ofisi hunywa tona ndani ya nyuzi zake, na kuitoa ni sawa na kuichana. Inayofaa ni ile yenye utando laini wa udongo mweupe juu, kama kurasa za majarida yanayong'aa, kwa sababu maji yakipenya utando huo unaachia na tona inabaki kwenye shaba. Karatasi ya njano inayouzwa maalumu kwa kazi hii hufanya vizuri zaidi, nayo hujiachia yenyewe ndani ya maji. Karatasi ya picha iliyotengenezwa kwa printa ya wino inahitaji tahadhari: baadhi yake ina utando wa plastiki, na plastiki hiyo ikiyeyuka juu ya roli ya mashine ya watu, mwenye steshenari hatakuwa na haja ya kusikia habari za saketi. Mwonyeshe karatasi yako kwanza. Karatasi nyembamba ya jarida inayokwama ndani ya mashine ibandikwe kwa gundi ya karatasi, upande unaotangulia, juu ya karatasi ngumu ya A4, kisha ndiyo ipitishwe.

Sababu ya tatu, na mara nyingi ndiyo ya kweli, ni shaba chafu. Shaba inayong'aa si lazima iwe safi. Isugue kwa waya laini wa kusugulia sufuria pamoja na sabuni ya vyombo, suuza, kisha isimamishe wima uangalie maji: yakitanda kama utando mmoja usiokatika, mafuta yameisha, yakijikusanya matone na kuacha mabaka makavu, mafuta bado yapo, hata kama jicho halioni chochote. Baada ya hapo ifute kwa asetoni au spiriti na ishikwe kwa kingo tu. Msasa mkavu wenye chembe kubwa ninaushauri uepukwe kabisa, kwani unachora mifereji kwenye shaba na dawa itapita ndani ya mifereji hiyo chini ya tona, jambo ambalo halitaonekana mpaka dawa ianze kazi.

Katikati imeshika, kingo zimekataa. Au kingo zimeshika, katikati imekataa

Tona ikishika kwa mabaka, mashine na karatasi zinaweza kuachwa, na sasa pasi ihojiwe. Pasi za mvuke zina matundu chini yake, na kila tundu ni mahali pasipo joto wala mgandamizo. Ukikuta mabaka yasiyoshika yana umbo la duara na nafasi kati yake zinalingana, weka pasi yako juu ya meza uigeuze: utaona ramani ileile. Suluhisho ni kuisogeza pasi kila mara badala ya kuituliza sehemu moja, na kuitumia bila maji ndani. Pasi ya mkaa, kwa taarifa ya wenye nayo, ni nzito, tambarare na haina matundu, lakini joto lake halipimiki, na cheche moja ya mkaa juu ya kazi inatosha kukuharibia jioni.

Kingo zikikataa, mara nyingi ni kwa sababu bodi ilikatwa kwa msumeno na kingo zake zikabaki na ukucha wa shaba uliosimama; pasi inalala juu ya ukucha huo na haigusi sehemu iliyo jirani nao. Piga tupa kingo zote nne kabla ya kusafisha. Katikati ikikataa kwenye bodi kubwa, joto halikutosha: shaba husambaza joto haraka, na bodi ikiwekwa juu ya vigae au chuma joto hukimbilia chini. Weka bodi juu ya ubao mkavu wenye kitambaa cha pamba, ipashe moto yenyewe kwa nusu dakika kabla ya kulaza karatasi, kisha pasi iwekwe kwenye alama ya pamba na ikandamizwe kwa dakika tatu hadi tano, ukimalizia kwa ncha ya pasi kupita kila pembe.

Msomaji anayetumia bodi za kahawia, zile za karatasi na gundi ya fenoli, apunguze muda. Bodi hizo haziwezi joto la muda mrefu kama bodi za nyuzi za kioo, na dalili ya kuzidisha ni malengelenge: shaba inainuka kama ngozi iliyoungua, pamoja na harufu kali. Bodi ikifikia hapo haitengenezeki.

Njia zimenenepa na kugusana

Hii ni dalili ya kuzidisha, na ni kosa la watu waliokwisha kuonja kosa lililotangulia. Tona iliyoyeyuka kupita kiasi chini ya pasi iliyoegemewa kwa uzito wote wa mwili hutambaa kando. Ishara yake ni kwamba kingo za njia huwa zimelegea na za mviringo, na matundu madogo katikati ya pedi, yaani vituo vya shaba ambapo miguu ya vifaa hulehemiwa, yanazibika. Ikiwa mchoro umetanuka upande mmoja tu, kama kivuli, hapo si joto bali karatasi iliteleza. Ikunjwe nyuma ya bodi na kushikizwa kwa utepe unaovumilia joto kabla ya kuanza, na dakika ya kwanza pasi ikandamizwe bila kuburutwa.

Tatizo hili linapunguzwa kuanzia kwenye kompyuta. Kwa kazi ya pasi, kuacha njia ya milimita 0.3 na nafasi ya milimita 0.3 kunawezekana, lakini anayeanza ajipe milimita 0.5 na zaidi popote pale panapotosha. Sioni ushujaa wowote katika kubana njia kwenye bodi yenye nafasi tele.

Weupe unaobaki baada ya maji

Bodi iachwe ipoe kwanza, kisha ilale ndani ya maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni kwa dakika 15 au 20. Karatasi itolewe kwa kusuguliwa kwa kidole gumba, tabaka baada ya tabaka, si kwa kuvutwa. Anayevuta anang'oa njia nyembamba pamoja nayo. Bodi ikikauka weupe hutokea kila mahali na kuwatia watu hofu. Weupe ulio juu ya tona hauna madhara, uachwe. Weupe ulio kati ya njia na njia ndio adui, kwa sababu nyuzi za karatasi na utando wa udongo huikinga shaba iliyo chini yake, na baada ya dawa utakuta nywele za shaba zikiunganisha njia ambazo hazikupaswa kukutana. Mswaki wa zamani, laini, hufanya kazi hii vizuri, hasa ndani ya matundu ya pedi na kati ya pedi za miguu ya aisii (kile kifaa cheusi chenye safu za miguu, IC).

Kuna kipimo kimoja ambacho ningemtaka kila fundi akifanye. Tumbukiza bodi kwenye feriki kloraidi, ambayo ndiyo dawa ya kawaida ya kula shaba, kwa sekunde 20 hadi 30 tu, itoe, isuuze, na uitazame chini ya taa. Shaba iliyo wazi itakuwa imepoteza mng'ao na kuwa na rangi ya waridi iliyofifia, kavu machoni. Sehemu yoyote ambayo bado inang'aa kama mwanzo ina utando usioonekana, wa karatasi au wa mafuta, na haitaliwa. Ikwangue kwa ncha ya sindano au mswaki, kisha rudisha bodi kwenye dawa. Nusu dakika hiyo huokoa bodi nyingi kuliko ufundi wowote wa pasi.

Vitundu vingi kwenye sehemu pana za shaba

Sehemu pana, kama eneo la ardhi la saketi (shaba ya pamoja ambayo umeme hurudia), hutoka na vidoto vilivyoliwa kana kwamba vimedonolewa. Chanzo ni tona nyepesi. Hakikisha mashine haikuwekwa kwenye hali ya kubana matumizi ya tona, na weusi umepandishwa hadi mwisho. Kisha angalia faili lenyewe: mchoro uliotolewa kwa rangi, njia zikiwa nyekundu au kijani, hugeuzwa na printa nyeusi kuwa kijivu, na kijivu cha leza si tona nyembamba bali ni vidoto vyeusi vyenye nafasi nyeupe kati yake. Dawa hupita katika kila nafasi. Katika KiCad, programu ya kuchorea bodi, chagua uchapishaji wa nyeusi na nyeupe. Faili lipelekwe steshenari likiwa PDF, na likitumwa kwa WhatsApp litumwe kama hati, kwani picha hubanwa na kingo zake huingia ukungu.

Vitundu vichache vinazibwa kwa maka ya kudumu kabla ya dawa, ikipakwa mara mbili na kuachiwa nafasi ya kukauka katikati. Vikiwa vingi mno, ni nafuu kufuta na kuchapisha upya, au kubadilisha eneo pana liwe wavu wa mistari, ambao tona huushika vizuri zaidi.

Dawa haili, au inakula kisichopaswa kuliwa

Feriki kloraidi mpya ina rangi ya kahawia inayopitisha mwanga; ikichoka hugeuka kijani kilichoiva na kazi yake hupungua kasi. Lakini kabla ya kuimwaga, ipashe joto, kwa sababu dawa baridi huonekana imekufa ilhali imelala tu. Chombo cha plastiki chenye dawa kikalishwe ndani ya beseni la maji ya moto mpaka dawa ifike nyuzi 40 hadi 50, na bodi itikiswe taratibu bila kukoma. Kwa shaba ya kawaida yenye unene wa mikroni 35, dawa nzuri na ya moto humaliza bodi ndogo kwa dakika 10 hadi 20. Sufuria ya alumini isitumike hata kwa dakika moja. Feriki kloraidi huishambulia kwa ghadhabu, ikachemka na kutoa gesi inayowaka.

Umbo la shaba inayogoma kuliwa hueleza chanzo chake. Duara ndogo safi ni povu la hewa lililonaswa chini ya bodi iliyoachwa ielee kifudifudi. Inua bodi na kuirudisha kwa mshazari. Baka lisilo na umbo maalumu, hasa penye alama ya kidole, ni mafuta. Kisiwa katikati ya bodi wakati kingo zimekwisha ni dawa isiyozunguka, kwani mpakani dawa hubadilishana kwa urahisi kuliko katikati. Usisubiri kisiwa hicho huku ukiiacha bodi nzima ndani, maana dawa haili kwenda chini tu. Inakula na pembeni, chini ya tona, kwa kipimo kinachokaribia unene wa shaba. Njia ya milimita 0.3 hupoteza takriban milimita 0.07 kwa jumla hata mambo yakienda sawa, na kila dakika ya ziada huongeza hasara hiyo. Kisiwa kipakwe dawa kwa usufi uliofungwa kwenye kijiti, sehemu nyingine zikiwa nje. Njia ya kuzuia tangu mwanzo ni kujaza nafasi tupu za mchoro kwa shaba ya ardhi, ili shaba ya kuliwa iwe kidogo na iliyosambaa kwa usawa.

Wapo wanaotumia asidi ya haidrokloriki pamoja na haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa, ile ya asilimia 3 ya kusafishia vidonda. Mchanganyiko huu hufanya kazi haraka na unaonyesha bodi vizuri kwa kuwa ni mwepesi wa rangi, ila mtu akitumia asidi nyingi kupita kiasi hupanda joto na kuinua tona iliyoshika kwa shingo upande. Peroksaidi ndiyo inayotangulia chomboni na asidi humiminwa juu yake polepole, nje ya nyumba, upepo ukiwa mgongoni. Mvuke wake huumiza mapafu na hutia kutu kila koleo na bisibisi iliyo jirani. Glavu na miwani ni lazima kwa dawa zote mbili. Doa la feriki kloraidi kwenye shati halitoki, na hilo halihitaji ushahidi zaidi.

Bodi ni nzuri, lakini aisii haiingii

Kuna hali mbili. Ya kwanza ni kipimo: mashine ilichaguliwa kutosheleza ukurasa, ikapunguza mchoro. Kwenye karatasi, kabla ya pasi, pima kutoka mguu wa kwanza hadi wa mwisho wa mstari mmoja wa aisii yenye miguu 40; lazima iwe milimita 48.26, kwa kuwa nafasi kati ya mguu na mguu ni 2.54. Ukikuta 46.8 hivi, umepunguziwa asilimia tatu. Mwombe mhudumu achague asilimia 100. Aisii yenyewe ikilazwa juu ya karatasi hutosha pasipo rula.

Hali ya pili ni kugeuka. Pasi huugeuza mchoro mara moja, kwa hiyo andika neno lolote kwenye safu ya shaba kwa namna litakavyosomeka kwenye bodi iliyokamilika, na kwenye karatasi neno hilo lazima lionekane kinyume. Likisomeka sawasawa kwenye karatasi, usiipashe. Kama bodi imekwisha kuliwa ikiwa imegeuka, haijapotea yote: vifaa vinaweza kupachikwa upande wa shaba badala ya upande wa pili, aisii ikiinuliwa kidogo ili ncha ya chuma cha kulehemu ifike kwenye miguu. Haipendezi, lakini inafanya kazi.

Kutoboa na kulehemu

Tona ifutwe yote kwa asetoni kwanza, kwani pedi yenye mabaki ya tona haipokei lehemu na watu hudhani chuma hakina moto. Biti ya milimita 0.8 inatosha aisii na rezista ndogo, 1.0 kwa pini za viunganishi na dayodi kama 1N4007. Tundu dogo la katikati ya pedi, likiachwa wazi kwenye mchoro, huiongoza biti lenyewe. Pedi zikinyanyuka wakati wa kulehemu, ama ni ndogo mno, ama biti ilikuwa butu na ikaisukuma shaba badala ya kuikata. Kabla ya kuwasha umeme, pitisha maltimita (kipimo cha umeme), ikiwa imewekwa kwenye hali ya kulia inapokuta muunganiko, kati ya kila njia na jirani yake. Unywele wa shaba usioonekana kwa jicho husikika hapo, nao hukatwa kwa wembe.

Dawa iliyochoka kweli

Isimwagwe kwenye sinki, choo wala mtaro, kwa kuwa ina shaba iliyoyeyuka, ambayo ni sumu kwa samaki, na pia hutoboa mabomba ya chuma. Itie kwenye ndoo kubwa ya plastiki, kisha nyunyizia magadi kidogo kidogo ukikoroga. Itatoa povu na kupanda, ndiyo maana ndoo iwe kubwa. Endelea mpaka magadi mapya yasipotoa povu tena. Tope la kahawia na kijani litatulia chini. Likusanywe, likauke, lichanganywe na saruji kidogo kwenye kopo mpaka ligande, na kopo hilo lifungwe na kuandikwa kilichomo.